Watoto wa Ruwa: walichokiona na walichoulizwa

Ijumaa, Septemba 16, 1994, saa nne asubuhi, watoto wa Shule ya Msingi Ariel walikuwa nje kwa mapumziko. Shule hiyo iko Ruwa, mji mdogo ulio kilomita 20 na ushei kutoka Harare, Zimbabwe. Walimu walikuwa kikaoni. Mtu mzima aliyekuwa nje ni mama mmoja, mzazi, aliyekuwa zamu kwenye kiduka cha vitafunwa. Mara watoto wakaanza kumjia mbio, wengine wakilia: kuna kitu kinachong'aa kimeshuka kwenye vichaka ng'ambo ya uwanja, na kuna mtu mfupi mwenye nguo nyeusi zilizombana na macho makubwa. Mama yule hakusadiki, tena hakutaka kuliacha duka bila mtu. Hakwenda kuangalia. Baada ya dakika 15 hivi mambo yakatulia, watoto wakarudi darasani.

Waliosema wameona kitu walikuwa 62, wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Zaidi ya miaka 30 imepita, na kila mara watu wanapobishana kuhusu viumbe wa sayari nyingine barani Afrika, Ruwa ndiyo hutajwa kwanza. Nami nimelichagua tukio hili makusudi. Ni rahisi mno kumchambua mtu aliyepiga picha ya taa ya barabarani yenye ukungu akaiita chombo cha angani. Ukitaka kuupima upande wa wanaoamini kwa haki, upime kwenye kesi yao yenye nguvu.

Na kesi hii ina nguvu kweli. Shahidi hakuwa mlevi mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani usiku. Walikuwa watoto makumi kwa makumi, mchana kweupe. Walikuwa mchanganyiko, weupe kwa weusi, na waliotoka kwenye mila za Kiafrika walikitafsiri walichokiona kwa lugha ya kwao: baadhi waliogopa kwamba ni tokoloshe, yule kibwengo wa kusini mwa Afrika ambaye watoto huambiwa huja kuwadhuru. Walilia. Mkuu wa shule, Colin Mackie, hakuwa mtu wa kushabikia visahani vya angani, lakini alisema anaamini kwamba watoto wanasadiki wanachokisema. Ukitazama mahojiano yaliyorekodiwa, huoni watoto wanaocheza. Kuna binti anayeeleza habari za yale macho huku uso umemkaza, anatafuta neno, analikosa, anaanza upya. Mtu aliyewahi kulea watoto anajua tofauti ya mtoto anayetunga na mtoto anayekumbuka. Na wengi wao, sasa watu wazima wenye familia zao, hawajabadili kauli.

Kwa hiyo niseme mapema ninaposimama. Wanaosema "watoto walidanganya, basi" hawajaifanya kazi ya kuchunguza. Wamelikwepa swali. Ila kutodanganya ni jambo moja, na kuwa sahihi ni jambo jingine kabisa.

Turudi nyuma siku mbili. Jumatano usiku, Septemba 14, watu wa nchi kadhaa za kusini mwa Afrika waliona moto ukipasua anga, kichwa cha mwanga na vingine vidogo vikifuata nyuma kimya kimya. Kilikuwa ni kipande cha roketi ya Kirusi aina ya Zenit-2, iliyopeleka setelaiti ya Cosmos 2290 angani mwishoni mwa Agosti, kikirejea duniani na kuungua. Hilo halina ubishi wa maana. Lakini waliokiona hawakujua. Simu zikamiminika kwa vyombo vya habari, na siku mbili zilizofuata mazungumzo yalikuwa hayo: chombo, madirisha, wageni kutoka juu. Watoto wa Ariel walikwenda shule Ijumaa ile wakitoka kwenye nyumba ambamo mada hiyo ilikuwa mezani. Hii haithibitishi kwamba hawakuona kitu. Inaonyesha tu kwamba neno la kukiitia kitu chochote cha ajabu lilikuwa tayari mdomoni.

Nami nina ushahidi mdogo wa jinsi neno linavyotangulia jicho. Mwaka juzi nilikuwa Bagamoyo kwenye msiba wa jirani. Tumekaa barazani baada ya isha, taa zikatokea upande wa magharibi, moja nyuma ya nyingine, zinapanda kama shanga zinazovutwa kwa uzi. Zilikuwa setelaiti za Starlink zilizorushwa siku chache kabla. Nililijua hilo kesho yake. Usiku ule, mzee mmoja pale barazani alisema, "Hiyo ni ndege moja ndefu, hizo taa ni madirisha." Alipokwisha kusema, nami nikaiona ndege. Nasema nikaiona: kiwiliwili cheusi kinachounganisha taa na taa, cheusi kuliko anga yenyewe. Hakikuwapo. Tulipoulizana idadi ya taa, mmoja alisema 20, mwingine zaidi ya 40. Sote tulikuwa watu wazima, timamu, na hatukuwa na sababu ya kusema uongo. Laiti angekuja mwandishi kutuhoji pamoja, wote tungemweleza habari za ndege ndefu yenye madirisha.

Hapo ndipo lilipo jeraha la kesi ya Ruwa: namna watoto walivyohojiwa. Tukio lilikuwa Ijumaa. Kabla ya mtu yeyote kuwahoji kwa utaratibu, watoto walikwenda nyumbani, wakasimulia, wakaulizwa na wazazi, wakakutana tena shuleni. Jumatatu ya tarehe 19 alifika Tim Leach, mwandishi wa BBC aliyekuwa Zimbabwe, na kamera. Siku iliyofuata akaja Cynthia Hind, mtafiti maarufu wa mambo haya, ambaye tayari alikuwa anakusanya habari za ule moto wa Jumatano. Hind alimwomba mkuu wa shule watoto wachore walichokiona, wazo zuri, lakini alipowahoji aliwaweka kwa makundi, wengine wakisikiliza mwenzao anavyojibu. Sitaki kumvunjia heshima mama huyo. Bila yeye pengine tusingekuwa na kumbukumbu yoyote. Ila polisi wa kituo chochote anajua kwamba mashahidi hutenganishwa kabla ya kuandikwa maelezo, kwa sababu mashahidi huazimana macho.

Takriban miezi miwili baadaye akaja John Mack, daktari wa magonjwa ya akili na profesa wa Harvard, mtu mwenye Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1977. Wanaoamini humtaja kwa fahari, na elimu yake haina shaka. Lakini mwaka uleule Mack alikuwa ametoa kitabu kuhusu watu wanaosema wametekwa na viumbe wa sayari nyingine, na alikuwa anawachukulia kwa uzito kiasi kwamba chuo chake kiliunda kamati ya kuichunguza kazi yake. Alikuwa pia mtu mwenye uchungu wa wazi juu ya uharibifu wa mazingira. Sasa angalia: ule ujumbe ambao leo ndio roho ya simulizi ya Ruwa, kwamba viumbe waliwaambia watoto kwa mawazo, bila sauti, kuwa binadamu wanaiangamiza dunia, unajitokeza kwa nguvu katika mahojiano ya Mack. Wakosoaji wamelishika hilo, na naona wana haki. Alikuwa mpole, alisikiliza kwa huruma. Lakini huruma ya mtu mzima nayo ni mwongozo. Mtoto husoma uso wa anayemuuliza, akajua ni jibu gani linaloufanya uso ule ung'ae.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu ya ajali ya magari. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, wengine yalipopondana. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, 7 walisema waliona. Kati ya 50 wa kupondana, 16. Neno moja tu, kwa watu wazima, kuhusu jambo lisilowatisha.

Hata umbo la sahani, ambalo watoto wengi wa Ariel walilichora, lina historia yake. Juni 24, 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold aliona vitu tisa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Alivyoeleza, vilikuwa vinaruka kama sahani inavyodunda juu ya maji unapoitupa. Alikuwa anazungumzia mwendo. Magazeti yakachukua sahani. Tangu hapo ulimwengu mzima ukaanza kuona sahani. Kama wageni wanakuja kweli, ni ajabu kubwa kwamba wamevipa vyombo vyao umbo lililotoka kwenye kichwa cha habari.

Hata hivyo siwaachii wenye mashaka nao wapite hivihivi, kwa sababu baadhi yao wanafanya kosa lilelile kwa kugeuza upande. Wapo wanaosema ilikuwa tamthilia ya vikaragosi iliyokuwa inazunguka mashuleni kwa gari. Wapo wanaosema ni kimbunga cha vumbi. Hayo ni makisio mazuri, lakini hakuna aliyeleta kikaragosi wala dereva wa gari lililokibeba. Ukimwambia mwenzako alete ushahidi, na wewe lete.

Lipo pia neno linalotolewa haraka mno: mtaharuki wa kundi, yaani watu wengi kupatwa na jambo moja kwa kuambukizana hofu. Sisi Watanzania tunaujua kwa karibu. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana 3 walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wakaja kufikia 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vimelea, hawakukuta. Wasichana wale hawakuwa wanaigiza. Lakini Kashasha ilikuwa miili: kicheko, kilio, kutotulia, kwa majuma. Ruwa ilikuwa ni kuona, kwa robo saa. Kashasha inatufundisha kwamba jambo linaweza kutapakaa shuleni bila mwongo hata mmoja, ila haitoshi kutuambia nini kiling'aa kwenye vile vichaka. Kwa maoni yangu kitu kiling'aa. Sijaona sababu ya kukifanya chombo kutoka nyota nyingine, na sijaona ulazima wa kukifanya si kitu.

Mwaka 2023 mmoja wa wanafunzi wa zamani alijitokeza kwenye filamu ya mfululizo akasema yeye ndiye aliyeanzisha. Aliwaonyesha wenzake kitu kinachong'aa kwa mbali akawaambia ni chombo cha angani, wakaamini. Wenye mashaka walishangilia. Mimi nilisita. Siku zote tumesema kumbukumbu ya mtu mzima kuhusu utoto wake si ushahidi wa kutegemewa. Hatuwezi kuikataa inapokuja na macho makubwa, tukaipokea kwa mikono miwili inapokuja na kukiri utani. Huenda anasema kweli. Naye anakumbuka kutoka umbali wa miaka 29, kama wenzake.

Linganisha na kilichotokea Kenya juzijuzi. Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Wanakijiji walishtuka, na uvumi haukuchelewa. Lakini pete ilikuwapo, imelala chini, bado ya moto. Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika, likalinda eneo, likaipima: kipenyo mita 2.5 hivi, uzito kama kilo 500. Likasema ni kipande cha roketi, pete inayoachia sehemu moja ya roketi itoke kwenye nyingine. Mtu aliyetaka kubisha alikuwa na kitu cha kubishania. Ruwa hapakuwa na alama ya kutua iliyopimwa, hapakuwa na picha, hapakuwa na majani yaliyoungua. Kulikuwa na watoto tu. Kwa hiyo watoto wenyewe ndio walikuwa ushahidi, na ushahidi huo ulishikwa na mikono mingi kabla ya kuandikwa.

Hilo ndilo linaloniuma katika kesi hii, kuliko swali la viumbe wenyewe. Michoro ya Ariel ipo hadi leo, ya penseli na rangi, sahani na vijitu vyenye macho meusi: wengine wamewachora na nywele ndefu, wengine na vipara. Imechorwa baada ya siku kadhaa za kusimuliana. Laiti saa nne na nusu ile ya Ijumaa, kengele ilipolia, mwalimu mmoja angewagawia karatasi tupu, kila mtoto kwenye dawati lake, akawaambia wachore na wasizungumze, kisha akakusanya na kuandika saa. Na mwingine angevuka uwanja, akaingia vichakani kuangalia.