Kufuli la Jumatano

Jumatano iliyopita, jua la saa saba, nilimkuta mama mmoja amekaa nje ya geti la kanisa hapa katikati ya Malindi. Alikuwa ametandika leso kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mjukuu amelala juu yake, na pembeni bahasha kubwa ya kahawia, ile ya picha za eksirei. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Kwa lafudhi tu nikajua ni mtu wa mtoni, wa Tana. Ametoka Garsen alfajiri. Mumewe amelazwa hospitali, na yeye anangoja saa ya kuona wagonjwa.

Akaniuliza, "Humo ndani hamna bomba?"

Bomba lipo. Tuliliona wote wawili kupitia nondo za geti, liko chini ya mwarobaini, linadondoka tone moja moja kwenye ndoo iliyokwisha jaa. Ila geti lilikuwa na kufuli, na mlinzi akatuambia kwa upole kabisa kwamba ufunguo uko kwa mzee wa kanisa, na mzee huja Jumamosi kusimamia usafi. Nikaenda dukani kununua maji. Niliporudi mama ananionyesha msikiti mtaa wa pili: "Nilinawa pale nilipofika. Nimeona haya kurudi mara ya tatu."

Maneno hayo yameninyima usingizi. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa sababu kufuli kama lile nimeliona kwenye mageti mengi, na si ya dhehebu moja. Lakini mimi ni Mmethodisti wa kuzaliwa, na nitasema kama Mmethodisti: kanisa la katikati ya mji linalofungwa Jumatatu hadi Jumamosi limeacha kazi iliyolileta Pwani hii.

Tukumbuke lilivyofika. Mwaka 1862 Thomas Wakefield, kijana wa Methodisti kutoka Uingereza, alishuka Mombasa akiongozana na Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetangulia Pwani, wakaenda kuanzisha kituo Ribe, ambayo leo ni kaunti hii hii yetu ya Kilifi. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa maradhi, na Krapf naye akarudi Ulaya mwaka huo huo. Wakefield akabaki peke yake mpaka Charles New alipomfuata mwaka 1863. New alikufa mwaka 1875. Rebecca, mke wa Wakefield, alikwisha kufa Ribe mwaka 1873. Kwa hesabu ya waumini, miaka ile ya mwanzo haikuwa na la kujivunia. Mtu akitafuta umati, Ribe haukuwako.

Waliokuja Ribe walikuja kwa shida zao. Wakati ule mashamba ya Malindi yalikuwa yanalisha nchi za Arabuni kwa mtama, na waliolima mtama huo walikuwa watumwa. Aliyeweza kutoroka alitoroka. Watoro wengine walijenga vijiji vyao huko bara, kama Fuladoyo, ambako mhubiri Mgiriama, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Yeye alikuwa upande wa CMS, misheni ya Kianglikana, si wetu, lakini damu yake ni ya Pwani nzima. Wengine walikimbilia vituo vya misheni: Rabai ya CMS, Ribe na Jomvu za Methodisti. Wakubwa wa Uingereza kule Zanzibar hawakupenda, wakawaonya wamisionari wasipokee watoro, kwa kuogopa ugomvi na mabwana wa watumwa. Tusiwafanye wamisionari malaika. Wako waliotii, na wako watoro waliorudishwa. Lakini ilipofika mwaka 1888 na watu wakahesabiwa, walikutwa watoro zaidi ya 1,400 kwenye vituo hivyo. Kampuni ya Waingereza ikawalipa mabwana, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watu wakapewa hati zao za uhuru.

Hebu fikiria safari ya mtu mmoja tu kati ya hao. Anatoka shambani hapa Malindi usiku, anapita vichakani siku kadhaa, anafika mahali ambapo hamjui mtu. Kitu kimoja tu amekisikia: pale hawafukuzi. Kanisa letu la Pwani lilijulikana hivyo kabla halijajulikana kwa kwaya.

Upande wa kwetu mtoni habari ni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Methodisti walipanda Tana mpaka Golbanti, na mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie wakauawa pale katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafika Lamu, wakaingia mtoni hadi Ngao kwa Wapokomo. Baadaye kazi yao ikapokewa na Methodisti, ndiyo maana nyanya yangu alilelewa na kanisa la Wajerumani na akazikwa na Methodisti bila kuhama kijiji. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba mto ukifurika, watu walipeleka watoto na mbegu kanisani kwanza. Hakuna aliyeuliza ufunguo uko wapi.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshalipata: mji si kijiji. Viti vitaibwa, vipaza sauti vitaibwa, vijana wa muguka watageuza ua kijiwe, na kanisa lina deni la ujenzi. Sawa, wizi upo, sikatai. Lakini hilo la deni nalijibu kwa historia yetu wenyewe.

Mwaka 1739 John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, na wenzake walijenga nyumba yao ya kwanza katikati ya mji wa Bristol, Uingereza. Wanaiita New Room, na bado imesimama. Ujenzi ukawaachia deni, na mwaka 1742 wakakaa kikao kama hivi vyetu: tulipeje? Nahodha mmoja, Foy, akatoa shauri kila mshirika atoe peni moja kwa juma. Mwenzake akasema wengi ni maskini, hawaiwezi. Foy akasema basi apewe yeye maskini kumi na mmoja, atawatembelea kila juma, na asiyekuwa na peni atamtolea kutoka mfukoni mwake. Wengine wakafuata mfano. Walipoanza kuingia majumbani kukusanya peni, wakaona mambo ambayo ibada ya Jumapili haikuwaonyesha: jinsi watu wanavyoishi kwelikweli. Hapo ndipo yalipozaliwa madarasa ya Kimethodisti, watu kama 12 na kiongozi wao, naye kiongozi ana wajibu wa kumwona kila mmoja walau mara moja kwa juma. Miaka michache baadaye Wesley alikuwa akitoa dawa bure kwa maskini wa Bristol na London.

Deni la jengo liliwapeleka kwa maskini. La kwetu limetuletea kufuli na bahasha za harambee.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito, nalitaja kwa heshima ya waliofiwa. Tangu Aprili 2023, Malindi hii imebeba Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka kufa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ikaletwa hapa hapa mjini, na sote tunakumbuka harufu na jamaa waliokuwa wakingoja majibu ya vinasaba. Watu waliokufa walikuwa watu wa ibada. Tangu hapo nikimwambia jirani yangu Mwislamu kwamba ninakwenda kanisani, hunitazama kidogo kabla ya kunitakia heri. Simlaumu. Imani iliyojificha ndiyo iliyotuua, na dawa yake naiona ni mlango wazi, mchana kweupe, ambapo muuza madafu anaweza kuchungulia akaona nini kinafanyika ndani: mtu anakunywa maji, mtu analia, mtu amelala kwenye benchi anangoja saa ya kumwona mgonjwa wake.

Siombi kliniki wala shule. Naomba benchi mbili chini ya mwarobaini, bomba, choo, na mshirika mmoja wa zamu kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Wazee wetu wastaafu wapo, wana muda, na wengi wao wanajua lugha tatu nne za watu wanaoshuka kwenye matatu za Garsen na Marafa.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata yule mzee wa ufunguo. Alinisikiliza, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama nitasimama pale mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akatoa ufunguo mmoja kwenye fungu lake, akanikabidhi, akasema nimrudishie Jumatano jioni na nisisahau kufunga bomba vizuri, lina mpira mbovu. Nimeshanunua mpira mpya.