Rangi Zilizogoma Kuzimika

Mhariri wa kitabu cha mwongozo alitaka kitu kidogo tu: picha ya faili la Lua, lugha ya programu, lisilo na rangi hata chembe, maana kitabu kinachapwa kwa wino mweusi. Nikafungua Neovim, kihariri changu kinachopaka maneno ya msimbo rangi, nikaandika `:syntax off`, amri ya kuzima rangi, nikajiandaa kupiga picha.

Rangi zote zipo. Hakuna hata moja iliyoshtuka.

Kumbe amri hiyo humfukuza mpakaji rangi wa zamani tu, yule anayetambua maneno kwa ruwaza, yaani kwa mpangilio wa herufi zake. Faili la Lua huwa mikononi mwa Treesitter, mpakaji mwingine aliyemo ndani ya Neovim, bila hata kuombwa. Yeye hujenga mti wa sintaksia, yaani ramani ya muundo wa msimbo, wa faili zima, na `:syntax off` haimhusu ndewe wala sikio.

Dawa ni kumjua mhusika kwanza. Weka kishale juu ya neno, andika `:Inspect` (ipo tangu toleo 0.9), kisha soma majina. Ukiona `luaFunction`, hizo ni ruwaza. Ukiona `@function.lua`, ni Treesitter. Likianza na `@lsp`, rangi imeletwa na seva ya lugha, programu ya pembeni inayomchambulia kihariri msimbo. Mimi nikakuta wawili wamekalia neno moja! Katika ugomvi huo seva hushinda: kipaumbele chake ni 125, Treesitter 100, ruwaza 50.

Nikapiga `:lua vim.treesitter.stop()`. `local` na `end` zikafifia. (Usipotanguliza `:syntax off`, ruwaza hurudi papo hapo kushika zamu, na utadhani hujafanya kitu.) Majina ya vigeu yakabaki yanameremeta kama bibi harusi. Nikayafuta makundi yote ya `@lsp` kwa kuyapitisha kwenye `nvim_set_hl`, kitendakazi cha kupanga rangi, na jedwali tupu.

Kimya. Isipokuwa bano moja, linang'aa chini ya kishale. `:Inspect` inaniambia hapo hapana kitu. Bano linang'aa! Huyo ni matchparen, programu-jalizi inayokuja na Neovim yenyewe. Hupaka kwa njia ambayo `:Inspect` haiikagui. `:NoMatchParen`, likazima.

Nikatuma picha. Jibu likaja mbio: "Kaka, ukurasa mzima mweusi! Wino wote huo wa kazi gani?"

"Samahani dada, nageuza sasa hivi."

`:set background=light`. Mandhari yakawa meupe, na majina ya vigeu yakarudi na rangi zake, safari hii za mchana. Ukibadilisha `background`, mpango wa rangi hupakiwa upya, na makundi uliyoyafuta hurejeshewa rangi zake za asili. Nikachoka kuhangaika na rangi, nikamwendea mwenyewe: `:lua vim.lsp.stop_client(vim.lsp.get_clients())`. Seva ikalala, picha ikatoka safi.

"Sasa hii ndiyo," akaandika. "Nitumie na ya Python."

Nikakunja mikono ya shati. Nikaziandaa amri zote kwa mpangilio, nikafungua faili la Python, nikaanza na `:syntax off`. Rangi zote zikazimika hapo hapo. Python haiwashiwi Treesitter mpaka uiwashe mwenyewe, na seva ya lugha hiyo sina.

Nikabaki na amri zangu mkononi.