Sikuwa naomba kupunguziwa mahari, ni mgongo

Ile voisi inayozunguka kwenye grupu la mtaa ni uongo. Sikuinama kumbembeleza mama mkwe apunguze mahari. Mahari nilishamaliza zamani, kasoro wale mbuzi wawili ambao hawahusiki kabisa na stori hii. Naandika nimelala chali miguu iko juu ya kiti, ndio staili pekee inayonipa nafuu, so mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mama mkwe kaja kututembelea Mbagala kutoka Tanga, gesi ikakata maharage hata hayajaiva. Nikampigia mshikaji wangu wa boda (ndio huyo huyo mtangazaji wenu wa voisi) alete ule mtungi mkubwa wa kilo 15. Kwa msiojua, hizo 15 ni gesi tupu, chuma lenyewe nalo halipishani sana na hapo, kwa hiyo ukijumlisha unacheza na kilo 30. Mshikaji akataka auingize mpaka jikoni, nikamwambia acha bwana, mimi si nipo. Mama mkwe alikuwa barazani anatuangalia, mlitaka nifanyeje?

Na mjue mimi ni wakala wa pesa, nashinda kibandani kwenye kiti cha plastiki, mgongo umejikunja, shingo iko kwenye simu, zoezi langu kubwa ni kunyoosha mkono kumpa mtu risiti. Mwili huo ndio nikaupeleka kunyanyua chuma.

Sasa tulieni. Magoti nimeyanyoosha, nimeinamia kiunoni, mtungi nimeushika mbali na tumbo maana shati lilikuwa jeupe. Ukatoka chini, ukafika usawa wa ugoko. Nikageuza kiwiliwili kuelekea mlangoni, miguu ikabaki inaangalia barabarani. Ka! Sio sauti ya masikioni, ni ya ndani kabisa, huku chini kwenye pingili za kiuno. Mtungi ukarudi chini, mikono ikaachia, mimi nikabaki pale pale nimeinama, sipandi sishuki.

Mara naona ndala. Ndala, na pindo la kanga. Kichwa hakinyanyuki nione zaidi. Kimya. Nikaona heri niseme chochote.

"Shikamoo mama."

Tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba baba."

Ndala haziondoki, anasubiri niinuke. Na mimi nasubiri hicho hicho. Jasho likatembea mpaka ncha ya pua, likaning'inia, likadondoka kwenye kidole gumba cha mama mkwe. Niliiona safari yake yote.

"Basi baba, inatosha, inuka."

"Nipo tu mama."

Akamwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeguswa: "Mwanangu, mwanaume mwenye adabu hivi sijapata kuona!" Na hapo ndipo yule mjinga wa boda akadakia, "Labda ni ile hela iliyobaki mama." Mnaona uongo ulipozaliwa? Nikajaribu kunyooka, nikatoa mlio ambao jirani alifungua dirisha.

Mengine fupi. Nikapandishwa bajaji kwa magoti na mikono mpaka zahanati. Daktari akauliza mbele ya mama mkwe: mkojo unatoka vizuri? choo unakizuia? huku sehemu za siri hakuna ganzi? Mama mkwe: "Sema baba, usione aibu." Vyote viko salama, asanteni kwa kuuliza. Akasema ni msuli tu, picha haina haja, dawa za maumivu, na nisilale kutwa nzima, nitembee tembee taratibu. Mimi nilifuata ED, ile karatasi ya kupumzika kazi, ya wiki nzima! Eti na kibandani niwe nasimama kila baada ya muda. Na msinicheke sana, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 waliokuwa na maumivu ya kiuno duniani ni watu milioni 619. Ila najua, hao wengine hawakumdondoshea mama mkwe jasho.

Ah, mtungi? Tuliporudi ulikuwa bado uko nje. Mama mkwe akachuchumaa, akaukumbatia kifuani, akasimama nao, akageuka kwa miguu yake, akaenda nao jikoni huku anauliza chumvi iko wapi. Hicho kipande jamaa hakukiweka kwenye voisi, na sijui kwa nini nimewaambia.