Louisa Anne hakuhitaji kurembwa

Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimlaumu mchoraji Jean-Étienne Liotard kwamba kazi zake zimejaa ukweli ila haiba ni haba. Mchoraji mwenzake, Joshua Reynolds, naye hakumwona na sifa zaidi ya unadhifu. Lawama hizo huiangukia moja kwa moja picha ya Louisa Anne, mjukuu wa Mfalme George II wa Uingereza, ambayo Liotard aliichora London mwaka 1754 mtoto akiwa na miaka 5.

Hoja yao ina uzito. Picha ya ikulu ilitakiwa itangaze ukoo na kuvuta wachumba. Hapa hakuna taji, joho wala nguzo za marumaru. Yupo mtoto kitini tu, katika picha ya sentimita 40 kwa 30 hivi.

Lakini aliyeiagiza ni mama yake, Augusta, mjane tangu 1751, pamoja na picha za watoto wake wengine. Mama hahitaji kutangaziwa mwanawe.

Litazame gauni. Ni la buluu, limekatwa kama la mtu mzima, na limempwaya hadi linataka kumteleza begani. Mchoraji mwingine angelibana kidogo, akamwongezea nyama mabegani, na hakuna ambaye angejua. Liotard aliacha pengo kati ya kitambaa na kifua, akalitia kivuli. Wengi husoma humo kifua kikuu kilichomuua mwaka 1768, akiwa na miaka 19. Hapo nakataa. Liotard hakuwa mpiga ramli; alichora pengo aliloliona. Na kumnenepesha kusingemfaa kitu: afya dhaifu ilimkosesha ndoa ya kifalme ya Denmark, na mwaka 1766 akaolewa huko mdogo wake, Caroline Matilda.

Ulaini wa ngozi yake nao wengine huuita ubembelezi, kumbe ni pasteli, yaani vijiti vikavu vya rangi mfano wa chaki. Ngozi ya ndama husuguliwa kwa jiwe jepesi, kama lile la kusugulia nyayo, ili ishike unga wa rangi, kisha rangi hulainishwa kwa kidole. Kwa kuwa haina mafuta, haigeuki manjano. Udhaifu wake ni kwamba unga haujagandishwa. Ukiunyunyizia dawa ya kuugandisha, rangi hupoteza mng'ao na kuwa na giza; ukiuacha hivyo, mtikisiko huudondosha. Unyevu nao huleta ukungu. Fremu ifungwe kioo halisi kisichogusa picha, maana plastiki huvuta unga kwa umeme tuli. Mwanga usizidi luksi 50 (kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu: wekundu wa karmini, ule wa mashavuni, hutangulia kupauka.