Kosa la Mwanafunzi Lina Kazi Gani Darasani?

Wanafunzi wawili wanaojifunza Kiswahili wameleta insha zao. Mmoja ameandika "rafiki yangu amefika", mwenzake ameandika "rafiki wangu amefika". Wa kwanza anapata alama ya vema, wa pili anapigiwa mstari mwekundu, na mwalimu anafungua daftari linalofuata. Je, ni yupi kati yao anayeijua lugha zaidi? Inawezekana kabisa ni huyo wa pili. Wa kwanza huenda alilikariri fungu zima la "rafiki yangu" tangu juma la kwanza, pamoja na salamu, bila kujua hiyo "yangu" imetoka wapi. Wa pili ameshang'amua kwamba majina ya watu huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: mtoto wangu, daktari wangu, kiongozi wangu. Akaipeleka kanuni hiyo hadi kwa rafiki, asijue kwamba hapo, kama ilivyo kwa baba, mama na ndugu, Kiswahili sanifu kimeshikilia "yangu". Amekosea kwa kuwa amefikiri.

Hilo ndilo linalowafanya wengi, nami nikiwamo, tuamini kwamba kosa la mwanafunzi lina thamani kubwa kwa anayefundisha. Lakini imani hiyo inabeba mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kulisoma kosa ili mwalimu ajue afundishe nini, na kuna kulirudisha kosa kwa mwanafunzi likiwa limezungushiwa wino. La kwanza nalitetea kwa nguvu zote. La pili lina matatizo mengi kuliko tunavyopenda kukubali.

Kabla ya miaka ya 1960 kosa lilihesabiwa kuwa tabia mbaya ya kuzuiwa mapema isije ikaota mizizi. Mwanaisimu Robert Lado, katika kazi yake ya mwaka 1957, aliwashauri walimu walinganishe lugha ya kwanza ya mwanafunzi na ile anayojifunza, kwani penye tofauti ndipo ugumu utakapotokea. Mwaka 1967 S. Pit Corder akaugeuza mtazamo. Alitenganisha kuteleza kwa mtu aliyechoka au mwenye haraka, ambaye akiambiwa asome tena atajirekebisha, na kosa linalojirudia kwa utaratibu kwa sababu ndivyo mwanafunzi anavyoielewa lugha kwa wakati huo. Hilo la pili, alisema, humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, humwonyesha mtafiti lugha inavyopatikana, na kwa mwanafunzi mwenyewe ni njia ya kujaribu dhana zake. Miaka mitano baadaye Larry Selinker akaeleza kwamba anachozungumza mwanafunzi ni mfumo wenye kanuni zake, uliosimama kati ya lugha yake na lugha anayoiendea.

Chukua mwanafunzi anayeandika: "Jana nilikula mapema. Juzi sikukula. Nikikula usiku silali vizuri." Anayesahihisha kwa mazoea ataona makosa mawili, ataandika "sikula" na "nikila" juu yake, basi. Anayechunguza ataona kosa moja tu, lenye chanzo kimoja: mwanafunzi anaamini kwamba mzizi wa kitenzi ni "kula", si "-la". Na ana sababu nzuri ya kuamini hivyo. Ninakula, nilikula, nitakula, nimekula, kote huko "ku" imebaki. Hakuna aliyemwambia kwamba "ku" hiyo hukaa na viambishi fulani na kuondoka kwa vingine. Ukimrekebishia maneno hayo mawili, kesho atakuandikia "sikukunywa" na "nikikuja", kwa kuwa dhana yake haijaguswa. Ukiigusa dhana kwa robo saa ubaoni, umeshughulikia kula, kunywa, kuja, kufa na vitenzi vyote vya silabi moja kwa mara moja. Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa mno, na anayepata nafuu ya kwanza ni mwalimu mwenyewe.

Katika uandishi, kazi iliyonishawishi zaidi ni ya Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa wahitimu wote wa sekondari za jiji hilo, wakaingia wengi ambao maandishi yao yaliwakatisha tamaa wahadhiri. Shaughnessy alisoma insha zao zipatazo 4,000, na mwaka 1977 akatoa uchambuzi ulioonyesha kwamba makosa yale hayakutokana na uvivu wala ukosefu wa akili. Yalikuwa na mantiki. Waandishi hao walikuwa wageni katika lugha ya maandishi, wakikisia kanuni zake kwa kutumia yale machache waliyokuwa wameyaona. Sijui hoja nyingine inayomheshimu mwanafunzi dhaifu kiasi hicho.

Pamoja na hayo, wapinzani wana hoja za kweli. Ya Jacquelyn Schachter, ya mwaka 1974, ndiyo inayonisumbua zaidi. Alichunguza vishazi rejeshi, yaani vile vinavyoeleza nomino kama "aliyenifundisha" katika "mwalimu aliyenifundisha", katika insha za Kiingereza, akakuta kwamba Wachina na Wajapani walikosea mara chache kuliko wazungumzaji wa Kiajemi na Kiarabu. Ungedhani wanavijua zaidi. La hasha. Walivitumia kwa nadra sana, walikuwa wanavikwepa. Kwetu mfano wake hautafutwi mbali. Mwanafunzi anayeandika "Nilimwona mwalimu ambaye aliyenifundisha" ana kosa la wazi, amerudia urejeshi mara mbili. Jirani yake kaandika "Nilimwona mwalimu. Alinifundisha mwaka jana." Ukurasa wake ni safi, na katika orodha ya makosa ya darasa hatatokea kabisa, ilhali ndiye aliye nyuma zaidi. Kwa hiyo anayefundisha kwa kufuata orodha ya makosa peke yake atawahudumia waliothubutu na kuwasahau waliojificha. Lazima asome pia kile ambacho hakikuandikwa.

Hoja ya pili inagusa kalamu nyekundu yenyewe. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida iliyothibitika, kuna madhara, na kuachwe. Aliposema kwamba wanafunzi hufupisha na kurahisisha maandishi yao ili kuepuka kusahihishwa, aligusa kitu ambacho mwalimu yeyote wa insha anakifahamu. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani masahihisho yaliyochaguliwa na yaliyo wazi huwasaidia baadhi ya wanafunzi. Mwaka 2008 John Bitchener, huko New Zealand, alilenga matumizi mawili tu ya "a" na "the" za Kiingereza. Waliosahihishwa waliwazidi wasiosahihishwa, na tofauti hiyo bado ilionekana walipopimwa tena baadaye. Ni ushahidi mzuri, lakini tazama ulivyo mwembamba: kipengele kimoja cha sarufi, chenye kanuni inayoelezeka kwa sentensi mbili. Kutoka hapo hadi kuhalalisha ukurasa uliojaa wino ni safari ndefu.

Lipo pia suala la nani anayeamua kwamba hili ni kosa. "Kitabu yangu" hukosolewa darasani, ilhali kuna wanaokua wakiisikia kila siku kutoka kwa watu wazima wenye akili zao. Mwanafunzi huyo hajashindwa kujifunza. Amejifunza lugha ya waliomlea. Anahitaji kuongezewa usanifu wa maandishi, na kumwambia kwamba amekosea ni kumfundisha aone aibu kwao.

Nikipima pande zote, msimamo wangu ni kukusanya mengi na kusahihisha machache. Mwalimu asome rundo la insha akiwa na karatasi pembeni, aandike makosa yanayojirudia kwa wengi, ayapange kwa chanzo na si kwa sura, kisha achague moja au mawili ya kufundisha. Kwenye daftari la mwanafunzi agusie hayo tu, na nafasi iliyobaki aitumie kujibu alichosema mwandishi, maana insha huandikwa ili isomwe. Penye shaka kuhusu chanzo, amwulize mwenyewe: "Kwa nini umeandika hivi?" Jibu lake mara nyingi litafichua kanuni ambayo mwalimu hakuiwazia.

Kikwazo kikubwa cha utaratibu huu ni mtihani. Pale ambapo kila kosa la sarufi hukatwa alama, hata mwanafunzi aliyelelewa vizuri darasani atajifunza haraka kwamba sentensi fupi zina usalama zaidi, na anayemshauri afanye hivyo hamdanganyi. Mwongozo wa kusahihisha ungeweza kutenga alama kwa ajili ya jaribio lenyewe, ili yule wa "ambaye aliyenifundisha" asipate pungufu ya jirani yake mwenye ukurasa safi.