Msimamizi Asisimuliwe Kikao, Akisikie

Mteja wangu wa tatu alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha, daftari jipya mkononi na hofu tele kifuani. Baada ya kikao cha nne nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza jinsi mambo yalivyokwenda vizuri: mteja amefunguka, amelia kidogo, amenishukuru akitoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa. Sasa niwekee rekodi."

Nikaweka. Dakika ya 13 hivi mteja anasema, "Usiku ndio mbaya. Huwa najiuliza, ya nini yote haya." Kimya kifupi. Kisha inakuja sauti yangu, changamfu kama ya mtangazaji wa redio: "Na watoto je, masomo yanaendeleaje?"

Msimamizi akasimamisha. Hakunikaripia. "Hapo ulisikia nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimesikia kitu. Sikuwa nimemficha msimamizi. Maneno yale hayakuwa yameniingia kichwani hata kidogo. Jioni ileile nilimpigia mteja simu, msimamizi akiwa kando yangu, nikamuuliza waziwazi kama amekuwa akifikiria kujiua. Akanyamaza. Kisha akasema ndiyo, na kwamba alishangaa siku ile nilipokimbilia habari za watoto.

Tangu hapo siuamini usimamizi wa kusimuliana, ule ambao mwanafunzi anakuja na daftari, anaeleza anachokumbuka, msimamizi anatikisa kichwa, saa moja inaandikwa kwenye fomu. Bado unatumika sana, na sababu kubwa ni kwamba ni rahisi.

Wala kurekodi si jambo geni. Mwanasaikolojia Carl Rogers na wanafunzi wake walikuwa wakirekodi vikao katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa santuri zilizojaa baada ya dakika chache tu. Kitabu chake cha 1942 kina mfululizo mzima wa vikao vya mteja mmoja, neno kwa neno. Walihangaika na santuri. Sisi tuna vifaa vinavyonasa saa nzima bila kelele (tafadhali, isiwe simu yako binafsi) na bado tunasimuliana.

Utasema mtu mwangalifu hujijua. Mwaka 2012 Walfish na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wataalamu 129 wa afya ya akili wajilinganishe na wenzao. Kwa wastani kila mmoja alijiweka juu ya asilimia 80 ya wenzake, na hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani. Hao ni waliokwisha kufuzu. Na tusijifariji kwamba miaka itatunoa: utafiti wa Goldberg na wenzake wa 2016, uliofuatilia watibabu 170 na wateja zaidi ya 6,500, ulikuta kwamba kwa wastani uzoefu haukuleta matokeo bora, yalishuka kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiambia kwa fahari amefikisha saa 400 za vikao, huwa namuuliza ni ngapi kati ya hizo kuna mtu mwingine aliyezisikia.

Halafu kuna yale yanayofichwa kwa makusudi. Ladany na wenzake waliwauliza wanafunzi mwaka 1996 kama kuna jambo waliwanyima wasimamizi wao. Takriban asilimia 97 walikiri. Wahenga wangesema mficha uchi hazai. Lakini methali hiyo inamlaumu anayejificha peke yake, haimgusi mkunga. Kwetu mkunga ndiye huyohuyo anayetoa alama, anayeandika barua ya mapendekezo, anayeamua kama utafuzu. Mwanafunzi anayemficha mtu kama huyo si mwoga, ana akili timamu. Ningependa anayesikiliza rekodi asiwe ndiye anayetoa alama, na pale watu ni wachache, basi kosa lililoletwa na mwanafunzi mwenyewe lisimpunguzie kitu.

Pingamizi la siri za mteja ni la kweli, na lina majibu yanayojulikana: ridhaa ya maandishi, haki ya kukataa bila kunyimwa huduma, rekodi kufungwa kwa nywila na kufutwa kwa tarehe iliyotajwa. Ila niseme nilichoona: wateja hukubali upesi kuliko wanafunzi. Mteja anayejua kwamba anatibiwa na anayejifunza hufarijika kusikia kuna mkongwe nyuma yake. Anayetokwa jasho kifaa kikiwashwa ni yule mwenye daftari.

Muda nao hautoshi kusikiliza kila kitu, nakubali. Mimi huomba dakika kumi. Tano anachagua mwanafunzi, na namtaka achague zile zinazomtia aibu. Tano nyingine naziokota mwenyewe popote, bila kuangalia.

Na huanza na rekodi yangu mwenyewe. Muhula huu niliweka kikao cha mteja aliyeridhia isikilizwe darasani. Hatukufika hata dakika ya nne, binti mmoja aliyekaa nyuma akanyanyua mkono nusu, akaushusha, akaunyanyua tena.

"Mwalimu, samahani. Hapo umemkatiza."

Nikarudisha nyuma tukasikiliza tena. Kweli, nilikuwa nimemkatiza.