Kilomita Peke Yake Haikwambii Safari

Chukua ramani ya ukutani yenye Pasifiki katikati, kisha piga mstari kwa rula kutoka Tokyo hadi New York. Mstari utavuka bahari yote, uingie kaskazini mwa California na kuikata Marekani hadi pwani ya pili. Sasa weka ramani kando, uchukue tufe la dunia na uzi. Bana ncha moja kwa kidole pale Tokyo, vuta nyingine hadi New York, kaza. Uzi utapanda wenyewe kaskazini, upite juu ya Alaska, ndipo ushukie Kanada. Ukijaribu kuusukuma urudi baharini unapungua, haufiki tena New York mpaka uongeze mwingine.

Huo uzi uliokazwa ndio njia ya duara kuu, na ndio unaopimwa unapouliza umbali wa viwanja viwili vya ndege. Kwa Tokyo na New York jibu ni karibu kilomita 10,900. Ramani bapa ndiyo iliyotuzoesha vibaya: ile ya mchoraji ramani Mercator ya mwaka 1569 ilichorwa kwa ajili ya mabaharia washike mwelekeo mmoja wa dira, nayo hutanua nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia.

Jibu hilo ni sahihi. Ninacholalamikia ni kwamba tunapewa hilo tu, nasi tunalichukua kana kwamba ndiyo safari yenyewe. Ndege haifuati uzi. Inafuata anga iliyoruhusiwa, na inafuata upepo.

Tazama Helsinki na Tokyo. Kwa uzi ni takriban kilomita 7,800, na kwa miaka mingi abiria alifika kwa saa tisa na nusu hivi, akipita juu ya Siberia. Mwaka 2022 anga ya Urusi ikafungwa kwa mashirika ya Ulaya. Ndege zikaanza kuzunguka, nyingine zikipita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, na safari ikawa ya kama saa 13. Viwanja havikusogea hata hatua moja. Mwenye kutafuta umbali leo anaonyeshwa kilomita zilezile 7,800, na mimi naona hapo msafiri anapotoshwa, hasa mzee au mama mwenye mtoto mchanga anayepanga dawa na maziwa kwa kukisia saa kutokana na kilomita.

Upepo nao. Kutoka Singapore hadi New York uzi unapita jirani na Ncha ya Kaskazini, kilomita 15,300 na ushei. Hata hivyo mara nyingi rubani hupitia Pasifiki, njia iliyo ndefu kwa zaidi ya kilomita elfu moja, kwa sababu huko upepo wa juu unamsukuma kutoka nyuma. Kwa hesabu ya mafuta na saa, njia ndefu ndiyo fupi!

Ndiyo maana nataka kila anayetaja umbali wa anga aweke pembeni yake saa za kwenda na saa za kurudi, kila moja peke yake. Kati ya New York na London kwa kawaida kwenda mashariki huchukua saa sita na nusu au saba, kurudi magharibi huzidi. Februari 2020, dhoruba ilipokuwa ikivuma Atlantiki, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London chini ya saa tano.